Hana Homa, Alhamdulillahi

Mwaka ule wa korona mama yangu alilazwa hospitalini Malindi, kifua kimebana, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Daktari, kijana mpole wa kutoka bara, alitueleza mimi na shangazi nje ya wodi: virusi vyenyewe vimeanza kupungua, lakini kinga ya mwili imeghadhibika, sasa inayachoma mapafu ya mwenyewe. Watampa dawa ya kuituliza.

Shangazi alishika kiuno. "Ajabu ya Mungu! Dunia nzima yatafuta kinga kwa tangawizi na habasoda, nyinyi mwampunguzia?"

Nilicheka, kisha nikaona haya kucheka mahali pale. Lakini dawa ilifanya kazi. Mama akaanza kuvuta pumzi bila mashine, akaomba uji, tukaruhusiwa kurudi naye nyumbani Mambrui. Daktari alituonya: kinga yake imechoka kwa vita, na dawa nayo imeishusha, akibadilika hata kidogo, tumrudishe.

Hata kidogo ni kiasi gani? Kwetu mgonjwa hupimwa kwa kiganja. Unamwekea kwenye paji la uso, halafu shingoni. Akiwa na moto anaumwa. Akiwa baridi amepona. Ndivyo mama mwenyewe alivyotulea. Basi kila asubuhi shangazi aliweka kiganja chake, akatangaza mpaka jirani wasikie: "Hana homa, alhamdulillahi!" Mama hakuwa akila. Alilala mno, na salamu alizijibu kwa macho. Tulisema ni uchovu, tukapanga kisomo cha shukrani.

Asubuhi ya kisomo, mikeka imeshatandikwa, tulimwamsha asiamke. Tulimkimbiza Malindi, mwili wake baridi vilevile. Daktari yuleyule aliitazama picha ya kifua. Maradhi mengine yalikuwa yameingia na kuenea pande zote mbili. Alisema homa huwashwa na kinga inapopambana, na kinga ya mama haikuwa tena na nguvu ya kuwasha chochote. Nilimchukia kwa kusema kweli kwa upole namna ile.

"Basi sisi tungalijuaje, mwanangu?" shangazi akamwuliza.

Mama alikata roho kabla ya magharibi. Siku hizi shangazi huniuliza mimi swali lilelile.