Boriti Iliyooshwa

Shangazi yangu Peris hutunza wazee majumbani mwao huko ughaibuni, mjini Hopkins. Mmoja wao alikuwa Mzee Ian, Mwingereza aliyezaliwa katika nyumba ya shamba iliyosimama kwao Uingereza tangu karne ya kumi na tano.

Ian alikuwa akipoteza kumbukumbu. Jina la marehemu mkewe lilishamtoka, na la binti yake Natasha lilikuwa njiani. Alichobaki nacho ni kipande cha boriti ya mwaloni, cheusi tii kwa masizi, alichokatiwa na fundi siku paa la nyumba yao lilipokarabatiwa. Kila alipolia kwamba anataka kwenda kwao, Peris alimpa boriti hiyo. Aliinusa, akatulia, akaanza kusimulia.

"Kale ilikuwa chumba kimoja kirefu. Moto katikati ya sakafu, dohani hakuna. Moshi ulijipenyeza kwenye nyasi za paa."

"Mzee, hilo si jiko la mama yangu kule Nyamira? Kumbe nyinyi ni Wakisii, mmepauka tu!" Peris alimtania.

Ian alicheka mpaka akakohoa. "Baadaye tukajiona watu. Tukajenga dohani ya mawe, tukaweka dari. Boriti nyeusi zikabaki juu gizani. Mimi nilikuwa napanda kuzigusa."

Peris alisoma shule ya misheni. Walimu walimchapa kwa kunuka moshi, wakamwambia masizi ni ushenzi. Na waliouleta uzushi huo walitoka wapi? Walitoka katika nyumba kama ya Ian, masizi ya babu zao yakiwa juu ya vichwa vyao, yamefunikwa kwa mbao!

Natasha alipopiga simu kwamba anakuja Krismasi, Peris alifanya kama mama yeyote wa kwetu anayengoja mgeni. Alisugua sinki, madirisha, sakafu. Akaisugua na boriti kwa brashi na sabuni, mpaka mti ukang'aa.

Jioni Ian alililia kwao. Akapewa boriti. Akainusa, akaigeuza, akainusa tena.

"Hii si ya kwetu."

"Ndiyo yenyewe, Mzee. Nimeiosha tu."

"Nipelekeni nyumbani," alilia, na hakuna kilichomnyamazisha.

Asubuhi Peris aliingia bustani ya umma iliyo jirani, penye majiko ya kuchomea nyama, theluji ikimfika vifundoni. Akawasha kuni, akaishikilia boriti juu ya moshi mpaka ikawa nyeusi na macho yake mekundu.

Aliporudi, Natasha alikuwa ameketi kando ya kitanda, na baba yake hamjui. Peris alimwekea Ian boriti mkononi. Akavuta pumzi ndefu, akatabasamu.

"Jiko la mama yako," alisema. Kisha akamrudishia Peris taratibu, kama mtu anayerudisha mali ya wenyewe. "Shika, binti. Hii ni nyumba yako. Yangu sijui iko wapi."

Kule Nyamira, kaka zake Peris walikuwa wameshalibomoa jiko hilo, wakaweka la gesi na vigae vyeupe. Peris hakumwambia Mzee. Aliipokea boriti kwa mikono miwili.