Manju Aliyekataa Viti

Siku hizi mavuno hupita Segese bila sauti ya yule manju, kiongozi wa nyimbo za ngoma, na Bujiku, aliyempigia ngoma miaka mingi, bado hujikuta akimngoja aanze. Manju alikuwa akikohoa mara mbili, akilamba kidole gumba na kukipitisha juu ya ngozi ya kila ngoma, kisha akiwatazama watu miguuni, kamwe si usoni. Kwao vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji hukimbilia kwa aliyewakonga moyo, asiyefuatwa ameshindwa. Ndiyo maana mwaka sabini na nne, kwenye tamasha moja mjini Tanga, aliimba nyimbo tatu, akaona miguu yote imetulia chini ya viti, akazizima ngoma.

“Mbona wamekaa kama wako matangani?”

“Wanakusikiliza kwa heshima, mzee,” alisema ofisa wa tamasha.

“Heshima gani ya makalio? Bujiku, beba ngoma, tutoke nje.”

“Ukitoka, kikundi chako hakitaitwa tena!”

“Usiniite. Mimi si mbuzi.”

Akapita katikati ya viti akiimba, kifua mbele. Bujiku alipogeuka mlangoni, ukumbi mzima ulikuwa umesimama, watu wanasukumana kuwafuata barabarani, na jukwaani amebaki ofisa peke yake na karatasi ya ratiba.

Hawakuitwa tena, na manju hakuomba. Sasa anaishi Nkome kwa binti yake Mbuke, na huwafundisha nyimbo wanawake wanaoanika dagaa.