Risasi ya Pili

Harlan Trexler alipenda kusemwa vizuri, na katika bonde lao la kaskazini mwa Pennsylvania mtu husemwa vizuri kwa mambo mawili tu: gari lake liwake kwenye theluji, na kulungu wake aanguke pale pale alipopigwa. La kwanza alikuwa nalo, maana ndiye fundi wa mabasi ya shule. La pili watu waliamini kwamba analo. Aliyejua vinginevyo alikuwa yeye peke yake, na kujua huko kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki tangu Novemba.

Ndiyo maana mwezi wa Julai, watu wenye akili zao wakiwa mtoni na bia, yeye alikuwa amesimama katika karakana ya Dorrance Mowrey, mtengeneza bunduki, akiagiza bunduki mpya.

"Ya risasi moja," alisema. "Unaingiza moja, unapiga moja, basi."

Mowrey alikuwa mzee mnene, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye nyusi. Alimtazama kama daktari anavyomtazama mlevi anayeomba maji.

"Wewe? Wewe ukianza kupiga huko mlimani tunadhani kuna mtu anaezeka bati."

"Watu hubadilika, fundi."

"Watu hunenepa. Kubadilika bado sijaona. Risasi gani?"

"Paka-mwitu."

Mowrey akapiga mluzi. Kwa msomaji ambaye Mungu amemwepusha na ugonjwa huu: paka-mwitu ni risasi isiyouzwa dukani, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Mtu huchukua ganda la risasi ya kawaida, akalibana shingo lishike kichwa chembamba zaidi, akachongesha mtutu wa kulifuata ganda hilo, kisha maisha yake yote yaliyobaki anajitengenezea risasi mezani kwake, moja moja, kama bibi anayefuma soksi. Siku akizisahau nyumbani, amekwenda porini na fimbo ya kifahari.

"Nataka ifike mbali," Harlan aliendelea, "lakini isipige bega teke. Mtu mwenye mikono dhaifu aiweze."

"Mikono yako ina nini?"

"Nimesema mtu."

Mowrey alichora kwa chaki juu ya meza: mtutu mrefu kiasi, kitako chembamba, darubini ndogo. Mkono ulikuwa mwepesi, na kwa dakika chache Harlan akasahau dhambi zake, akawa mtoto mbele ya dirisha la mwoka keki. Wakabishana kuhusu uzito. Wakabishana kuhusu mti wa kitako. Kisha Mowrey akachukua kipimo. "Haya, kunja mkono nijue urefu wa kitako."

Harlan hakuukunja. "Kifanye kirefu zaidi. Mkono kama wa Clete."

Kipimo kikabaki hewani.

Clete Haverly alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe Nadine. Mkata magogo mstaafu ambaye misumeno ilimwachia mitetemo mikononi kama kiinua mgongo. Siku ya kwanza ya msimu uliopita, kulungu dume mwenye pembe za kutolewa hadithi alitoka kwenye miti mbele yao. Harlan, aliyekuwa juu ya mteremko, alipiga tatu mfululizo. Clete, aliyekuwa chini, alipiga moja. Kulungu akatokomea. Walimkuta kesho yake ng'ambo ya kijito, mguu umevunjika, jeraha moja tu, mbwa-mwitu wadogo wameshaanza kumla akiwa hai.

Katika kambi yao ya uwindaji kuna sheria ya siku zote: ukimkosa kulungu, unakatwa pindo la shati na linapigiliwa ukutani, watu wanacheka, wanakula mayai ya siki. Jioni ile jeraha lilikuwa moja na wapigaji wawili. Kura haikuhitajika. Nani atamshuku Harlan, wakati kuna mzee anayemwaga kahawa kabla haijafika mdomoni? Wakamkata Clete pindo. Mowrey mwenyewe ndiye aliyepigilia msumari, na hakuna aliyecheka. Clete alisema, "Mnyama yule aliteseka kwa sababu yangu," akafungia bunduki yake kabatini, na tangu hapo anatengeneza vibanda vya ndege ambavyo hata ndege wanavionea huruma.

Harlan alikuwa ameuona mguu ule ukining'inia kama lango lililong'oka bawaba, baada ya risasi yake ya pili. Clete alikuwa bado hajapiga. Aliuona, akafunga mdomo, akala mayai yake.

"Clete hawindi tena," alisema Mowrey polepole.

"Akiwa na hii atawinda. Risasi nitamtengenezea mimi, kila moja, mpaka nife."

Mlango ukasukumwa kwa goti. Aliyeingia ni Clete mwenyewe, amekumbatia ubao mweusi wa mti wa jozi, mikono ikiutetemesha.

"Shemeji! Nadine kaniambia umepata mchumba mpya wa chuma. Nikasema asije akavaa mbao za sanduku la matofaa." Akautua mezani, juu ya michoro ya chaki. "Huu ni ule mti wa uani kwa baba, ulioangushwa na upepo. Niliuhifadhi kwa bunduki yangu. Sasa mimi ni fundi wa ndege. Uchukue."

Harlan aliutazama ubao. Mistari yake ilikuwa kama maji yanayopita juu ya mawe. Alitamani angetukanwa.

"Mbona umenuna? Ingekuwa pai ungenikumbatia."

"Hajanuna," Mowrey akadakia, akidhani anasaidia. "Njoo nikupime mkono, Clete. Bunduki ni yako."

Clete akacheka, kisha akaona hacheki na mtu. "Yangu kwa lipi? Shemeji hapewi bunduki. Shemeji hupewa koleo lililovunjika na kuambiwa asirudishe. Harlan, una saratani?"

"Sina."

"Basi una nini?"

Alikuwa ametunga hotuba nzima chini ya mabasi, miezi na miezi. Alichofanya ni kulichomoa shati lake kwenye suruali, akatoa kisu mfukoni, akakikunjua, akakiweka juu ya ubao, na kumgeuzia Clete mgongo.

Clete alikitazama kisu, kisha pindo la shati.

"Ya ngapi?" Clete aliuliza hatimaye.

"Ya pili. Wewe hukuwa umepiga bado. Yako ilikwenda hewani."

"Uliona?"

"Niliona."

"Na ukaniacha nikamwombe radhi mnyama wa watu."

Harlan alihisi pindo likishikwa na vidole vinavyotetemeka. Alifumba macho, akaomba kisu kipite upesi. Hakikupita. Pindo likaachiwa.

"Chomeka shati," alisema Clete. "Unataka tumalizane hapa, sisi watatu na vumbi? Mimi nilikatwa mbele ya kambi nzima. Novemba utasimama pale pale, utaitaja risasi ya ngapi, kwa sauti, kisha nitakata. Na uvae shati zuri. Lile la harusi ya binti yako."

"Na bunduki, Clete?"

Clete alikifunga kisu, akakiacha mezani, akaubeba ubao wake, akafungua mlango kwa goti kama alivyoingia. Pale ulipokuwa ubao michoro yote ilikuwa imefutika.

Mowrey aliitazama meza, akakitazama kipimo mkononi.

"Sasa nipime mkono wa nani?"

Harlan alikuwa bado anachomeka shati, na kila alipolichomeka upande huu, lilitoka upande wa pili.