Bei Iliyotajwa Kanisani

Namshukuru Mungu kwa mvua, kwa chakula, na kwa miguu ambayo bado inapanda kilima. Naanza na shukrani ili mtu asidhani hasira yangu ni ya mzee asiyeona mema aliyotendewa.

Shamba letu liko kwenye mteremko upande wa Turbo. Mimi siku hizi nakaa mjini, mtaa wa Munyaka, lakini mke wa marehemu mwanangu alibaki kule juu, na ni yeye aliyeamua kupanda mpunga. Mahindi yalikuwa yamemchosha: mbolea ghali, na kila jirani anavuna wakati anaovuna yeye. Akapata mbegu ya mpunga wa mlimani, ule unaotegemea mvua tu bila kusimama majini, akaipanda kwenye matuta. Majirani wachache, wajane kama yeye, wakamfuata.

Anayekula wali mezani hajui mteremko unadai nini. Mvua kubwa ikija, tuta linabomoka na udongo wako unakwenda kumnenepesha jirani wa chini. Palizi ni ya mikono. Mpunga ukianza kujaza punje, ndege wote wa Turbo wanaijua njia, na lazima mtu asimame shambani tangu alfajiri akipiga kopo. Bodaboda haifiki, kwa hiyo gunia linateremka kwa mgongo wa mtu hadi barabarani, na mgongo huo unalipwa.

Kanisani kwetu tuna desturi ya malimbuko. Mavuno ya kwanza yanaletwa mbele na kuombewa, kisha baada ya ibada yanapigwa mnada uani, na pesa zinaingia katika kazi ya Bwana. Ni desturi nzuri. Naipenda tangu tuhamie huku kutoka Mkoa wa Kati. Lakini mpunga ulikuwa na mnunuzi mmoja tu, mzee mwenzangu wa kanisa, mwenye duka mjini. Nani atapandisha bei dhidi ya mzee wa kanisa, tena kwa ajili ya mpunga ambao hajui ataukoboa wapi? Alitaja bei ndogo, watu wakapiga makofi, mnada ukaisha.

Angeishia hapo ningenyamaza. Jumatatu alipanda mlimani na magunia matupu. Mkwe wangu alipojaribu kutaja bei yake, alimjibu kwa upole mbele ya wenzake:

"Mama, bei si ilitajwa jana mbele za Bwana? Yaani Mungu umuuzie rahisi, halafu mimi mtumishi wake uniuzie ghali?"

Wanawake wakacheka kwa aibu, wakamjazia magunia. Na kuyateremsha barabarani pia waligharamia wao.

Msimu uliofuata, mpunga ukiwa umeiva, mkwe wangu aliniambia bila kulia, "Baba, nikiuza tena kwa bei ile, shamba nalikodisha kwa watu wa miwa. Nitakuja mjini nifue nguo za watu."

Nilikwenda dukani kwa yule mzee. Alinipa kiti, akaniagizia chai, akanikumbusha kwamba subira ni tunda la Roho. Mimi nimefundisha subira kanisani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sikujua siku moja nitauziwa subira hiyo kama bidhaa ya dukani. Chai sikuimaliza. Nikapeleka neno kwa wazee wengine, wakasema tuliombee.

Jumapili ya malimbuko wanawake wenzake mkwe wangu walingoja aanze yeye. Mkwe wangu hakuleta debe la mpunga. Alikuwa ameutwanga kwenye kinu na kuupika, akaingia na sufuria kubwa iliyofunikwa kitambaa. Mchungaji akaiombea. Uani kukawa hakuna mpunga wa kunadi, wala bei ya kutaja. Akatoa sahani akaanza kupakua, na watoto wakawa wa kwanza.

Mwenye duka alisimama na sahani yake akajaribu mzaha. "Sasa Mama, hii tutaipigaje mnada?"

"Hii ni ya Bwana, Mzee, na Bwana amesema mle," akamwambia. "Yangu iko nyumbani. Ukiitaka, njoo uniulize."

Jumatatu mwenye duka alipanda mlimani, na kwa mara ya kwanza akauliza, "Unauzaje?" Mkwe wangu akamtajia bei yenye ndege ndani yake, na palizi, na mgongo. Mzee akacheka, akateremka na magunia yake matupu. Kabla ya wiki kuisha alirudi. Akalipa bei ile, na wabebaji akawalipa mwenyewe. Wanawake wengine nao wakauza vivyo hivyo.

Shamba halikukodishwa, na kwa hilo nashukuru. Lakini yule mzee alilipa bila hata kukunja uso. Dukani hakupandisha bei ya chochote, wala hakufunga duka. Kumbe uwezo alikuwa nao tangu mwanzo, alipowafanya wajane wacheke kwa aibu kwa kutumia jina la Mungu. Jumapili hii tumeketi benchi moja. Alininyooshea mkono wa amani, nikaupokea kwa sababu nimeamriwa.