Tambara Juu ya Dirisha

Nyumba ile tuliiona siku ya maonyesho, miaka ya themanini, tukiwa bado tunabanana kwenye fleti yetu ya Hagsätra, huku Uswidi. Ilikuwa mpya, inanukia mbao. Muuzaji alizigonga kuta akitusifia unene wake. Nyumba haili umeme, alisema. Madirisha yana vioo vitatu, na juu ya kila dirisha kuna tundu jembamba la kuingizia hewa. Matundu hayo msiyazibe kamwe. Mume wangu aliandika. Mimi niliitikia kwa kichwa huku nikitafuta pa kuweka kabati la vyombo.

Baridi ya kwanza ilipofika, upepo wa tundu la chumba cha mtoto ulinipiga kisogoni nikimfunika. Lo! Tumenunua nyumba kwa jasho, halafu iwe na tundu? Mimi mtu wa Tanga, na kiherehere changu, nikachana mbeleko, ile kanga aliyonitumia mama nimbebee mtoto mgongoni, nikalishindilia tundu. Mume sikumwambia. Angenisomea maandishi yake.

Baada ya wiki chache mama akaja kutoka Tanga, akae na mjukuu wake hadi kiangazi. Mume wangu ni Muganda, na kwao mkwe hukaa mbali na mama mkwe, hata kutazamana ni mwiko. Kukubali walale nyumba moja ilikuwa hisani kubwa. Wakiwa na neno, nililibeba mimi, kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi.

Mama alilala chumba cha mtoto. Alimsemesha Kiswahili, mtoto akamjibu Kiswidi, wakacheka wote wawili. Lakini mtoto alikuwa akikohoa tangu kabla mama hajaja, na sasa kikohozi kilizidi. Ukuta ulitoa jasho, na nyuma ya kitanda tukakuta kuvu nyeusi. Tukaita fundi. Akapanda ngazi, akachomoa tambara lililolowa.

Fundi alipoondoka mume wangu alinipa lile tambara. "Muulize mama kama ni yeye."

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Alilitandaza gotini, akalipapasa pindo.

"Hili nililipinda kwa mkono wangu," akasema. Akanitazama. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka, ila nilimwogopa mume wangu, tena niliona haya. Nikainamisha macho.

"Haya. Mwambie ni mimi. Nilisikia baridi."

Nikaenda nikamwambia hivyo hivyo.

"Basi arudi kwao," mume wangu akasema, "kabla hajatuulia mtoto." Hilo nalo nikalipeleka jikoni, nikiwa nimelipunguza makali. Mama akaondoka theluji ikiwa bado nje. Kifua cha mtoto kilitulia, na mama hakuitwa tena.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilirefuka miaka mingi. Kila barua ya mama ilimalizikia palepale: nisalimie mkwe, mwambie anisamehe lile tambara. Nilimsomea mume wangu, kwa sauti, bila kuruka hata neno.

Habari ya msiba ilipofika, mume wangu alikaa nami sebuleni, akanishika mkono.

"Alikuwa mtu mwema mama yako," akasema. "Lile kosa lake mimi nilishamsamehe zamani."

Nikamwambia ahsante.