Meno ya Mbele ya Emojong

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya meno ya Busia, daktari msimamizi aliniambia nivute pazia, nizime taa, halafu nikae mimi mwenyewe kwenye kiti cha wagonjwa. Akanitia kamera ndogo mdomoni na kuwasha mwanga wa buluu. Kwenye kompyuta meno yangu yaling'aa kijani, isipokuwa pembeni mwa jino moja palipokuwa peusi.

"Hapo unaona nini?" akaniuliza.

"Limeoza, daktari."

"Bado. Hapo madini yameanza kutoka. Ukingoja mpaka uone kwa macho matupu, umechelewa."

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kutumia kioo na chuma cha kuchokolea. Kazi hii ilikuwa nyingine. Enameli, lile gamba gumu la nje la jino, hung'aa kijani likipigwa mwanga wa buluu. Likipoteza madini, mng'ao hufifia. Asidi, iwe ya soda au ya matapishi, haitoboi jino kama uozo unavyotoboa. Hulilamba taratibu, likabaki jembamba na mwenyewe hana habari. Kwa hiyo tulikuwa na chombo cha pili, kilichotuma mwanga usioonekana. Sehemu yake hurudi kutoka juu ya enameli, na nyingine hurudi kutoka pale enameli inapokutana na dentini, tabaka la ndani la manjano. Kwa tofauti ya marejeo hayo mawili, mashine ilitupatia unene wa enameli. Jino lilipaswa kukaushwa kwanza, maana mate hudanganya, na pembe ya kamera iwe ileile kila mara.

Baadaye nilihamishiwa Malaba, chini ya mkuu wa zahanati, mama mkali asiyerudia neno. Wagonjwa wengi walikuwa madereva wa malori waliongoja kuvuka mpaka, wakikesha kwa soda na vinywaji vya kuongeza nguvu. Meno ya namna hiyo niliyazoea. Ya Emojong yalinishtua.

Emojong alikuwa baba wa watoto wadogo, na alifanya kazi katika karakana ya betri nyuma ya maegesho ya malori. Walichaji betri, na zilizokufa walizivunja watoe madini ya risasi. Alilalamika kwamba chai ya moto inamchoma meno. Ya nyuma yalikuwa mazima. Ya mbele, upande wa nje usiofunikwa na midomo, yalikuwa giza tupu kwenye kompyuta.

"Unakunywa soda sana?"

"Daktari, soda mimi naonja Krismasi."

"Unatapika mara kwa mara?"

"Hapana." Akakohoa, akafuta macho. "Lakini huko kazini hewa inachoma. Ukifungua mdomo unasikia kama umelamba betri."

Niliendelea kumpima mwaka ule, na kila aliporudi enameli ilikuwa imepungua. Wenzake nao wakaja, wote na giza lile lile mahali pale pale. Nikampelekea mkuu wa zahanati picha.

"Sisi tunatibu meno," alisema. "Karakana si mgonjwa wetu."

Lakini hakunirudishia picha zile. Kesho yake alimwita ofisa wa afya ya umma, tukaenda karakana sote watatu. Mvuke wa asidi ulitupokea mlangoni. Mwenye karakana alikuwa mtu mpole, akatutafutia viti.

"Mama, hawa walikuja na meno hivyo," alimwambia mkuu. "Maji ya kwao ni mabaya."

Nikamwonyesha picha za Emojong, ya kwanza na ya mwisho. Aliziangalia kwa muda. "Basi nitamwachisha kazi," akasema.

Ofisa akaifunga karakana. Nilifurahi, mpaka Emojong alipokuja kusimama mlangoni pangu.

"Dada, umenifungia kazi."

"Kazi ile ilikuwa inakula meno yako."

"Na sasa watoto wanakula nini?"

Haikupita muda karakana ikafunguliwa mahali pengine, ndani ya ua wa mabati, na Emojong akarudi huko. Alipokuja kwangu mara ya mwisho, nilikausha meno yake, nikaweka chombo, nikangoja. Mwanga ulirudi mmoja tu, ule wa dentini. Enameli ya kupima haikuwepo tena.

"Acha kazi hiyo, Emojong."

"Nipe ingine, daktari."

Sikuwa nayo.

Sasa nimestaafu, niko Mundika na mihogo yangu na kuku. Vijana mnaoingia kazi hii mna vyombo vyepesi kuliko vyetu, na vinaona mapema zaidi. Mimi kwa miaka mingi niliamini kuona mapema ndiko kuokoa. Kwa Emojong niliona mapema kabisa. Nilimtazama akipungua kwa vipimo sahihi, na hakuna hata kimoja nilichokosea.

Mwezi uliopita mkewe alikuja kwangu kwa boda boda. Emojong alikuwa amezikwa juma lile. Kifua, alisema, alikohoa mpaka akashindwa kulala chali. Nilimletea chai, hakuigusa.

"Daktari, wewe ulikuwa unamwangalia na ile mwanga yako. Niambie tu. Ni hiyo asidi imemuua?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Lakini katika kazi yangu sikuwahi kusema nisichokipima.

"Mama, mimi nilipima meno. Kifua sikupima."

"Sasa nani alipima?"

"Hakuna," nikamwambia.