Njugu Mawe za Rangi Moja

Nilizipika mbegu za mama. Kabla sijaanza kujitetea, niseme sawasawa: nilizichambua, nikazisuuza majivu, nikazitia sufuriani na mahindi, kisha nikaketi na majirani tukala huku nikisifiwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, shamba limeshalimwa na sote tunaitazama mbingu. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walikuwa Masara wakichimba dhahabu, au Muhuru Bay wakivua. Mimi nilikuwa nyumbani. Nilipenda nyumbani kiasi kwamba kuku hawakuinuka tena nikipita. Jirani yetu, mama mmoja mjane ambaye ulimi wake haukujua likizo, aliniita Jasomo, yaani msomi, na hakuna aliyefikiri ananisifu.

Upande wetu wa Ndhiwa, mama alikuwa mmoja wa wanawake wachache waliokuwa bado wanapanda njugu mawe. Wengine walizichoka, huchemka tangu asubuhi na mchana bado zinagoma kuiva. Zake zilikuwa za kila rangi: nyeupe, nyeusi tititi, nyekundu, nyingine zina madoa kama yai la kware, nyingine nyeupe zenye jicho jeusi. Alipewa na mama yake alipoolewa, zikiwa zimechanganyika hivyo hivyo, naye akazipanda hivyo hivyo. Ng'ombe walikuwa wa baba, shamba la baba, hata mimi nilikuwa wa baba. Kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya meko kilikuwa cha mama.

Ndipo akaja mtafiti wa mimea, mwanamke mpole mwenye mifuko ya kaki, akitafuta njugu mawe za kienyeji. Mama alimwambia arudi wiki ijayo, mbegu zikishatolewa maganda. Akazitoa maganda, akazirudisha kibuyuni na majivu yake ya kuzuia wadudu, kisha habari ya msiba ikamwita Muhuru Bay.

"Mgeni akija, mpe anachotaka," aliniambia akifunga leso.

Mimi nikajua mgeni anataka nini. Sokoni Homa Bay maharagwe ya mchanganyiko hununuliwa na mtu asiye na la kufanya. Darasani tulifundishwa kwamba mbegu bora hulingana. Basi nikamwaga kibuyu kizima kwenye ungo, nikachagua nyeupe zilizonenepa, moja moja, mgongo ukiuma kwa fahari. Nilishajiona nimeajiriwa, nimevaa buti za mvua, namfuata madam shambani. Zilizobaki, zile za madoa na nyeusi na vijicho, nilizichemsha na mahindi, zikawa nyoyo. Jirani alikula sahani mbili.

"Jasomo, kumbe una kazi," alisema.

Mtafiti alipofika nilimfungulia kibuyu kama mtu anayefunua Biblia. Akatia mkono, akatazama, akatia tena hadi chini.

"Hizi rangi zingine zimeenda wapi?"

"Nimekuondolea taka, madam."

"Umezitupa wapi?" Alishageuka kutazama jalala, na naapa alikuwa tayari kuchakura.

"Tulizila."

Hakucheka. Alinieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba nyeupe hizi amezipata kila mahali. Alitaka zile zinazotofautiana: inayowahi kukomaa, inayovumilia jua, inayokataa wadudu. Hakujua bado ipi ni ipi. Ndiyo maana alizihitaji zote. Alichukua kiganja kimoja kwa adabu, akaandika kitu juu ya mfuko, akaenda. Kuhusu buti hatukuzungumza.

Mama aliporudi alikishusha kibuyu kabla hata ya kunywa maji. Akachungulia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilikuwa hata na majibu mawili matatu mazuri. Akaniuliza tu, "Nyathina, hata moja nyeusi hukubakiza?" Nyathina ni mwanangu. Alipokuwa na hasira aliniita mtoto wa baba yako. Siku hiyo ningelipokea hilo kwa furaha.

Alipanda nyeupe. Mvua ikaja, ikatuzoesha, ikakata kabla hazijatia maganda. Miaka mingine ya jua kali alikuwa akivuna nyeusi zaidi kuliko nyeupe. Mwaka ule alivuna bakuli, nazo zilikuwa kokwa zilizosinyaa hata kuku walisita kuzidonoa. Labda nyeusi nazo zingekufa. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na sijawahi kujiamini.

Akafunga leso tena, akaenda kwao, kule karibu na Ntimaru, mwanamke wa umri wake kuomba mbegu alizokuja nazo akiwa bi harusi. Jirani alikuwa kwetu siku aliyorudi, tunapukuchua mahindi uani. Mama aliuweka mfuko chini, nao ukalala bapa.

"Waliacha," alisema. "Wote wameingia kwenye tumbaku. Dada yangu aliniuliza kama bado kuna mtu anakula vitu hivyo."

"Sasa utapanda nini pale pa njugu?" jirani akauliza.

"Mahindi. Kama watu."

Aliingia jikoni, nikamsikia akikiondoa kibuyu msumarini. Niliendelea kupukuchua, kichwa chini, nikitumaini jirani ataondoka bila neno. Alisubiri gunzi lake liishe, akalitupa, akanitazama.

"Na ile nyoyo yenyewe, Jasomo, haikuwa na chumvi."